Pua na Makopo ya Siki

Pale maktaba kuu walimwita Pua, na ukiacha karani wa masijala aliyekuwa na faili lake, hakuna aliyejua kama ana jina jingine. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua yenyewe. Ilikuwa pua ya kawaida tu, imelalia kidogo kushoto kwa sababu ya mpira wa ujanani. Alilipata kwa kazi.

Aliingia maktaba akiwa mfagiaji. Wiki yake ya pili alitumwa kufagia ngazi za kushuka ghala la filamu, akafika katikati akasimama, akauliza ni nani aliyemwaga siki. Mhifadhi wa wakati ule, bwana mkavu aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, akamwambia hakuna siki humu, afagie. Pua akashikilia kwamba siki ipo, tena inatoka rafu ya tatu, kopo la pili au la tatu toka ukutani. Mhifadhi akalifungua kopo la pili ili amwumbue. Ndani, mkanda wa filamu ulikuwa umejikunja kama ganda la ndizi lililosahauliwa juani, na mvuke uliotoka ulimfanya mhifadhi apige chafya nne mfululizo.

Filamu za zamani ndivyo zilivyo. Zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na mvuke wake huziambukiza za jirani kama mafua ya darasani. Ukiiwahi harufu mapema ukalitenga kopo, unayaokoa mengine. Ukichelewa, unabaki na rafu nzima ya achari. Vipimo vya mashine maktaba haikuwa navyo, lakini sasa ilikuwa na pua. Kesho yake fagio alikabidhiwa mtu mwingine.

Basi kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ikawa kufungua makopo elfu moja na mia nne, kila kopo mara mbili kwa mwaka, kuingiza uso ndani, kuvuta pumzi, na kuandika daftarini. Alibuni vipimo vyake mwenyewe. Harufu ya mbali aliiita "kijiko." Ikizidi, "kikombe." Ikifika mahali pa kutoa machozi, "ndoo." Ripoti za mwaka zilipelekwa kwa bodi ya maktaba zikiwa na maneno hayohayo, na wajumbe, watu wenye suti na miwani, walijadili kwa uzito mkubwa ongezeko la ndoo katika rafu ya saba.

Na ndani ya makopo hayo kulikuwa na nini? Historia, ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema. Ukiichungulia kwa karibu, sehemu kubwa ilikuwa wanaume wanene wakikata utepe. Walikata utepe wa daraja, wa shule, wa kiwanda cha viberiti, na mara moja, kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka, utepe wa utepe mwingine. Ghorofa ya juu kulikuwa na vitabu, kanda za redio, na joho la meya wa kwanza, ambalo nondo walikuwa wamelila hadi likabaki kola na heshima. Lakini Pua aliyapenda makopo yake. Alisema mtu akikata utepe mbele ya kamera, walau nyuma yake kuna mama anayemfuta mtoto makamasi, na huyo mama hayumo kwenye kitabu chochote.

Nyumbani pua ile ilikuwa balaa. Wanawe walikua bila siri hata moja. Sigara ya kwanza ya mkubwa ilijulikana kabla hajafika mlangoni, na manukato ya binti yake yalisomwa kama barua. Mke wake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amekwisha kuzoea kuambiwa kitunguu kipi kapuni kitaoza Alhamisi. Kisha mama mkwe akaja kukaa nao baada ya kupasuliwa nyonga, na ikagundulika pua hiyo haikuwa moja mjini. Bibi yule alikuwa amekula chumvi nyingi, macho yamefifia, lakini maziwa ya jirani yakianza tu kushika chini ya sufuria, yeye kwenye kiti chake cha dirishani na mkwewe kwenye kochi walikunja nyuso kwa pamoja. Hawakusemezana juu ya jambo hilo. Mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Kila mmoja aliitazama pua ya mwenzake kwa adabu na kwa wivu kidogo.

Mwaka ule wa mambo, Pua alishikwa na mafua mabaya. Yalimlaza siku sita. Siku ya saba alirudi kazini, akafungua kopo namba mia mbili na kumi na mbili, ndoo mashuhuri, akavuta pumzi, na hakusikia kitu. Furaha yake ya kwanza ilikuwa kwamba kopo limepona. Akafungua la pili, nalo limepona. Alipofika la tano ghala zima likiwa limepona, akaacha kufurahi. Akatoa chakula chake cha mchana, akakinusa. Akapanda kwa fundi wa kujalidi vitabu, akaazima chupa ya gundi kwa kisingizio cha uongo, akaichomekea puani karibu aizibe. Ilikuwa kama kunusa kioo.

Daktari alimmulika puani kwa kurunzi, akamuuliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, akaizima kurunzi na kumtazama kwa muda. Alimweleza kwamba mafua huweza kuondoa uwezo wa kunusa, na kwamba mtu anayevuta mvuke wa siki miaka thelathini na mmoja alikuwa akiitafuta shari hiyo kwa mkono wake. Huenda ukarudi, huenda usirudi. Dawa hakuna.

Pua hakumwambia mtu. Alirudi ghalani akajikaza kisabuni, na kwa majuma matatu aliendelea kufungua makopo, kuingiza uso, na kuandika kijiko, kikombe, kijiko, kwa kumbukumbu tu, kama mwanafunzi anayenakili majibu ya mwaka jana.

Aliyemkamata ni mke wake. Siku moja maharage yaliungua hadi sufuria ikabidi itupwe nje, na wakati mama mkwe anasonya dirishani, Pua alikuwa mezani akila, akasema yamekaa vizuri leo. Mke akaweka chini mwiko. Miaka ishirini na minane alikuwa hajawahi kuunguza hata chembe bila kuhutubiwa. Akamuuliza taratibu kama anaumwa, na mumewe akajaribu kuingia mitini, akashindwa, akaeleza yote. Mke alicheka hadi akakaa chini. Kisha cheko likamwisha ghafla, akamkasirikia kwa kumficha, akamkasirikia daktari, akaukasirikia ukoo mzima wa watengeneza siki. Alipotulia akasema dawa wanayo mumu humu ndani, imekaa dirishani.

Pua akakataa katakata. Alisema hawezi kumchukua mama mkwe wake kwenda kunusa makopo kama mbwa wa polisi. Kuna heshima. Watu watasemaje?

Sauti ikatoka dirishani, kwa upole kabisa. "Mimi hapa nakaa kutwa nikisikiliza nyonga yangu. Tunaenda lini, baba?"

Walikwenda Jumatatu. Mlinzi wa mlangoni alidai mgeni ajaze kitabu, na bibi, ambaye hakuwa mtu wa kuficha mambo, akaandika kwenye safu ya madhumuni kwa herufi zake za kutetemeka: kunusa. Mlinzi aliligeuza daftari huku na huku, akakata shauri kwamba neno ni "kunukuu," akampa kitambulisho cha mtafiti.

Ghalani alikalishwa kwenye kiti chenye mto, akafunikwa shuka kwa ajili ya baridi, na Pua akawa anamletea makopo moja moja, akiyafungua mbele yake kwa mikono miwili kama anayemwandalia mkwe chakula. Bibi alikataa vijiko na vikombe. Alikuwa na vipimo vyake. "Huyu mzima," alisema. "Huyu mzima. Huyu anaumwa, mtenge na wenzake. Huyu, mwanangu, ni wa kuitiwa waosha maiti."

Mwanzoni Pua aliandika kwa furaha. Kisha akaanza kulinganisha na daftari la zamani, na furaha ikamtoka. Makopo aliyoyaandika mazima majuma mawili yaliyopita yalikuwa wagonjwa. Hilo alilitarajia, maana alikuwa ameandika uongo. Kilichomkata maini ni makopo aliyoyaandika mazima mwaka juzi, kwa pua yake mwenyewe, akiwa hana mafua wala kisingizio. Siki ya namna ile haijilimbikizi kwa mwaka mmoja. Pua ilikuwa imeanza kumwacha zamani, polepole, na yeye alikuwa akinusa kumbukumbu zake na kuziita harufu.

Akalifunga daftari la zamani. Mama mkwe naye hakuuliza. Alisema tu kwamba siku hizi hata miwani yake inamdanganya, kisha akaomba kopo linalofuata.

Kopo lililofuata lilikuwa la Bomba. Kila mtu mjini alilijua Bomba. Ni siku ile meya wa kwanza alipofungua maji, akahutubia, akasema "Leo kiu imekufa," maneno ambayo watoto wa shule wanayakariri hadi leo na ambayo yalichongwa chini ya sanamu yake uwanjani, mkono ukiwa juu ya bomba. Dakika tatu za filamu ile zilikuwa zimenakiliwa zamani kwa ajili ya televisheni. Kopo lenyewe, dakika ishirini na mbili, lilikuwa kitu cha thamani kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kulicheza. Pua alilinusa kila mara kwa haraka na kwa heshima, akaandika: safi.

Bibi alivuta pumzi mara moja, akarudisha kichwa nyuma. "Funga," alisema. "Huyu alishazikwa, mmesahau tu kumfukia."

Na baada ya wiki sita maktaba ilikuwa inatimiza miaka hamsini, meya wa sasa amealikwa, na filamu ya Bomba ndiyo ingeonyeshwa ukumbini.

Pua alipiga moyo konde, akapanda ghorofani kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo, aliyeletwa miaka miwili iliyopita akiwa na shahada mbili na subira ya kutosha moja na nusu. Pua aliingia na mama mkwe wake nyuma akiwa na fimbo na kitambulisho cha mtafiti shingoni, akasema yote kwa mkupuo: pua, mafua, uongo wa majuma matatu, uongo wa miaka asiyoijua idadi, na Bomba. Mwisho akaomba arudishiwe fagio.

Mkurugenzi hakufoka. Aliomba aone daftari. Alipolifungua, vikaanguka mezani vipande vyembamba vya karatasi, kama kumi hivi, rangi ya manjano. Alikiokota kimoja, akakitazama mbele, akakitazama nyuma.

"Mzee," alisema, "hivi si vile nilivyokupa mwaka jana? Vya kuweka ndani ya makopo, vipime siki?"

Pua akakubali kwamba ndivyo. Alikuwa amedhani ni dharau, mtu mwenye pua yake kupewa karatasi, basi akavifanya alama za kurasa. Daftari lilikaa siku zote kwenye rafu ya saba, katikati ya ndoo.

"Nilikupa vikiwa buluu. Vinageuka manjano pakioza."

"Nilifikiri vimechuja, bosi."

Mama mkwe alikohoa, kikohozi kilichokuwa na cheko ndani yake. Mkurugenzi akafunika uso kwa daftari, mabega yakamtikisika, na kwa muda Pua hakujua kama analia au anacheka. Alipolishusha alikuwa amekata shauri. Fagio lina mwenyewe, alimwambia. Kesho wangeanza upya, makopo yote, kwa karatasi na kwa bibi, na ambapo karatasi na bibi wangetofautiana, wangefungua mara ya pili.

Ilichukua siku tisa. Makopo mia moja na sabini na manne yalikutwa yameharibika au yako njiani. Karatasi na bibi walitofautiana mara mbili tu, na mara zote mbili bibi alidai karatasi ndiyo yenye mafua. Pua alibeba makopo yale hadi chumba cha kuyatenga kwa mikono yake, kila kopo, akakataa kusaidiwa.

Kuhusu Bomba, fundi wa mtambo wa kuhamishia filamu kwenye kompyuta alisema wazi kwamba mkanda umesinyaa, matundu yake hayakai kwenye meno ya mashine yoyote, na ukilazimishwa utakatika vipande. Hapo ndipo ikaonekana mtu hakai na mikanda miaka thelathini na mmoja akajifunza kuinusa tu. Pua alikaa mezani na glavu nyeupe, akaukunjua kwa vidole, kiasi cha kidirisha kimoja cha picha hadi kingine, akiupooza na kuubembeleza kama shuka la mtoto aliyelala, na fundi akanasa picha moja moja. Walifanya hivyo wiki tatu. Dakika nne za mwanzo zilikuwa zimegandamana kama mche wa sabuni, zikashindikana. Ndizo zilizokuwa na utambulisho wa wageni waheshimiwa. Hakuna aliyelia.

Siku waliyoitazama walikuwa wanne tu chumbani: mkurugenzi, fundi, Pua, na mama mkwe aliyesogezwa karibu na kioo kwa ajili ya macho yake. Meya wa kwanza alipanda jukwaani, joho likiwa bado zima. Alihutubia. Mkanda haukuwa na sauti, ila ilionekana watu wa mbele wameziba masikio, na mmoja amelala mdomo wazi. Kisha meya akashuka, akashika bomba, akafungua. Akangoja. Akafungua zaidi. Akainama akachungulia ndani ya bomba, kamera ikamfuata, na historia yote ya mji ikawa ni kisogo chake. Halafu mtu mwenye kaptura akatokea nyuma ya ukuta na ndoo, akapanda ngazi, akamimina mahali fulani kwa juu, na maji yakatoka. Watu wakarusha kofia. Hapo ndipo zile dakika tatu mashuhuri zilipoanzia.

"Si nilisema," mama mkwe alisema, ingawa hakuwa amesema. "Maji yenyewe yalikuja baada ya miezi miwili. Siku ile tulirudi na ndoo tupu, na mimi nilikuwa na viatu vya kuazima."

Mkurugenzi alimgeukia polepole. "Ulikuwepo, bibi? Na 'Leo kiu imekufa,' uliyasikia?"

"Nani asikie? Kile kipaza sauti kilikuwa kinalia kama mbuzi. Wa mbele walipiga makofi, na sisi tukapiga. Maneno tuliyasikia redioni kesho yake."

Mkurugenzi akatoka mbio, akarudi na kinasa sauti. Bibi alizungumza saa mbili bila maji ya kunywa.

Kwenye sherehe, kamati ilitaka zionyeshwe dakika tatu tu, kwa heshima ya marehemu. Mkurugenzi akatii. Ukumbini zilionyeshwa dakika tatu, zikapigiwa makofi, meya wa sasa akapanda kuhutubia. Ila kwenye ngazi palikuwa na kibao kidogo: filamu kamili, chini. Meya alipofika ukurasa wa sita, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Alipomaliza alishuka mwenyewe kutafuta watu wake, akawakuta wamejazana ghalani wakivunjika mbavu. Alisimama nyuma, akaangalia kile kisogo na ile ndoo, akacheka hadi akatoa leso. Kisha akamwomba mpiga picha asimpige akiwa anacheka. Mama mmoja aliyekuwa ubavuni pake akamuuliza kwa adabu maji ya mtaa wao yatarudi lini, na meya akakumbuka ana kikao.

Pua ile ilirudi baada ya miezi saba, tena vibaya. Kahawa ilinuka kama tairi, sabuni kama samaki, na kitu pekee kilichonuka sawasawa ni kitunguu. Mke wake alisema inatosha, wala mumewe hana haja ya kujua mengine. Kazini alikuwa mtunza karatasi za buluu. Kila kopo lilipata yake, akazigeuza na kuzisoma kila mwezi, na akawafundisha wahifadhi wawili wapya kuukunjua mkanda kwa vidole. Mama mkwe aliendelea kuja Jumatatu na kitambulisho chake. Kanda zake zilifika kumi na moja, zenye kichwa cha habari kirefu kilichoandikwa na mkurugenzi na kifupi alichokipenda yeye, Mambo Niliyoyaona.

Mwaka wa Pua kustaafu, mkurugenzi akataka naye arekodiwe, maisha yake kazini tangu mwanzo. Alivaa shati jipya. Aliketi mbele ya kinasa sauti na mikono magotini, akazungumza dakika kumi na moja. Alisema aliingia tarehe fulani, akahamishwa tarehe fulani, alinusa makopo, akaugua mafua, na anaushukuru uongozi. Kisha akamtazama mkurugenzi kama anayengoja ruhusa ya kuondoka.

Mlango ukafunguliwa kwa fimbo. Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye benchi muda wote, na masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. Alimwambia mkurugenzi asikizime hicho kidude, mwanaume huyu ameruka kila kitu. Pua akainuka kumpisha kiti. Bibi akaketi, akaegemeza fimbo mezani, akasafisha koo.

"Haya," alisema. "Huyu mkwe wangu alikuja kuposa kwetu siku ya mvua, akabisha hodi, na kabla hajakaribishwa akauliza kama kuna panya aliyefia darini. Alikuwepo. Andika hapo kwanza."